Anayemtafuta babu kwenye majalada ya mkoloni aanze na jumbe wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme machache kwa wasomaji wanaohangaika kutafuta mababu zao waliokuwapo enzi za Mjerumani na Mwingereza. Wengi huingia Nyaraka za Taifa pale Upanga na jina la ukoo mkononi, wakitaraji kuwa kuna orodha ya majina ya kufunua. Orodha hiyo haipo. Majalada yamepangwa kwa ofisi iliyoyafungua: sekretarieti, jimbo, wilaya, idara ya kazi, mahakama. Mtu akiagiza kwa jina la ukoo hukaa pale mpaka mchana, akatoka ameambulia vumbi tu, kisha akatangaza mtaani kuwa historia yetu Wazungu waliichoma.

Tatizo linaanzia kwenye jina lenyewe. Mtu aliyezaliwa 1890 hakuwa na jina la ukoo la kujaza fomu. Aliitwa kwa jina lake na la baba yake, fulani bin fulani au fulani wa fulani. Jina tunalolibeba leo kama la ukoo mara nyingi ni jina binafsi la babu mmoja, likaganda pale mwanawe alipoandikishwa shule au kazini. Ukilisaka kabla ya babu huyo, unamsaka mtu ambaye hajazaliwa. Kwa hiyo kabla ya kupanda basi, kaa na wazee uulize mambo matatu: alikaa wapi, jumbe au mtemi wake (kiongozi wa eneo lake) alikuwa nani, na ni tukio gani lililomkuta akiwa na umri gani. Mwaka mzee hataukumbuka, na akiutaja usimwamini sana. Ila atakumbuka kama mama yake alikuwa na mimba wakati wa Maji Maji (1905 hadi 1907), kama alikuwa mchunga mbuzi homa kali ilipopita mwishoni mwa 1918, au kama alizaliwa katika Mtunya, ile njaa iliyowatafuna Wagogo kati ya 1917 na 1920. Kwa Wamasai na jirani zao, jina la rika ni bora kuliko cheti. Hesabu pia vizazi: weka miaka 25 hadi 30 kwa kila kimoja. Aliyezaliwa 1955, baba yake 1927 hivi, basi babu yuko karibu na 1900. Familia nyingi hukosea hapa kwa kuruka mtu mmoja, hasa pale mjukuu alipopewa jina la babu yake, na watu wawili wakageuka mmoja aliyeishi miaka 130.

Jambo la pili ni kujua kwamba serikali ile haikumwandika Mwafrika kwa sababu alizaliwa. Kuandikisha vizazi hakukuwa lazima kwake katika Tanganyika ya Mwingereza, na ripoti za sensa za 1921, 1931 na 1948 zinatoa jumla za wilaya na makabila, hazina majina. Wanaopoteza wiki nzima kwenye sensa wanalijua hilo sasa. Mtu aliandikwa alipodaiwa kodi, alipochukuliwa kazini, alipovaa sare, alipobatizwa, alipopewa hati ya kuachwa huru utumwani, au alipogombana na mwenzake barazani. Jiulize babu yako angeingia katika daftari lipi kati ya hayo, kisha ufuate ofisi iliyolishika daftari hilo.

Kodi ndiyo mlango mpana. Mjerumani alitangaza kodi ya nyumba Novemba 1897, rupia 3 kwa nyumba ya shamba, na akina jumbe ndio waliohesabu nyumba. Majina ya walipaji mmoja mmoja yanapatikana zaidi katika vitabu vya wakati wa Mwingereza, baada ya sheria ya 1922 ya kodi ya nyumba na kichwa, na yamepangwa chini ya jumbe. Ndiyo sababu jina la jumbe lina thamani kuliko jina la babu. Ukilipata daftari la miaka kadhaa mfululizo, lisome kama hadithi. Kijana asiye na nyumba yake alilipia kichwa. Mwaka jina lake linapohamia upande wa nyumba, huenda ndio mwaka alioa. Akilipia nyumba tatu, uliza habari za wake watatu, maana kila mke na nyumba yake. Jina likikatwa kwa mstari, usikimbilie kusema alikufa. Huenda alihama, alizeeka akasamehewa, au alitorokea mkonge.

Hapo ndipo linapokuja suala la manamba. Mtu aliyekwenda mashamba ya Tanga au Morogoro alipewa namba, na mwajiri alimjua kwa namba hiyo. Neno kipande, yaani kadi ya kazi, nalo wengi hudhani ni la Kenya peke yake. Kule Lushoto, ambako Mjerumani alikuita Wilhelmstal, kadi za kazi zilianza 1907: siku 30 za kazi katika miezi minne, la sivyo unapelekwa kazi ya umma. Kipande cha Kenya, kilichoenea kuanzia 1919 na 1920, kilikuwa kitu kingine. Kilikuwa na alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Kikebe cha namna hiyo kikiwa bado sandukuni kwa bibi, msikifungue kwa bisibisi. Karatasi iliyokaa ndani miaka 100 huvunjika kama chapati kavu. Iacheni mahali penye unyevu kidogo siku moja ndipo muikunjue.

Upande wa Mjerumani lipo tatizo la maandishi, na hapa ndipo watafutaji wengi hukwama wakidhani jina halipo kumbe linawatazama. Mjerumani aliandika sauti zetu kwa herufi zake. Ch yetu ni tsch, sh ni sch, j ni dj au dsch, y ni j, na z mara nyingi ni s. Mwanza ni Muansa, Ujiji ni Udjidji, Bagamoyo ni Bagamojo, Arusha ni Aruscha, Wachaga ni Wadschagga. Chukua mtu mmoja wa mfano, Juma bin Zaidi. Katika orodha atakuwa Djuma bin Saidi, na kwa kuwa Saidi wa kweli naye huandikwa vilevile, Zaidi na Saidi wamekuwa mtu mmoja. Shabani mtafute kwenye S, Chande kwenye T, Yusufu kwenye J akiwa Jussuf. Kabla ya kwenda, andika jina la babu kwa namna zote anazoweza kuandikwa na Mjerumani, kisha kwa namna za Mwingereza aliyesikia l kama r. Majina ya miji nayo yalibadilika: Tukuyu ni Neu-Langenburg, Kasanga ni Bismarckburg, Liuli ni Sphinxhafen. Usipojua hayo utalipita jalada la wilaya yako mwenyewe.

Mwandiko wao wa mkono wa zamani unatisha. E inafanana na n, s ya katikati ya neno inafanana na f, na juu ya u kuna kikunjo ambacho mgeni hudhani ni alama ya herufi nyingine. Lakini ipo faraja moja. Karani wa Kijerumani alipofika kwenye jina la kigeni, mara nyingi aliliandika kwa herufi za Kilatini za kawaida. Hata usipoelewa sentensi nzima, pitisha jicho ukitafuta neno linalosomeka. Ukiliona, piga picha ukurasa mzima, si mstari ule tu, kwa sababu mtafsiri atahitaji kujua jalada linahusu nini.

Majalada ya Wizara ya Makoloni yako Berlin, hifadhi ya Lichterfelde, fungu R 1001, na mengi yamewekwa kwenye intaneti bila malipo. Yale ya maaskari ni habari ya majonzi, kwani sehemu kubwa ya kumbukumbu za jeshi la Prussia iliteketea kwa mabomu Potsdam Aprili 1945. Mwenye babu askari wa Mjerumani ashike kitu kimoja: namba ya kampuni, yaani kikosi chake. Mwaka 1914 kulikuwa na kampuni 14 za vita, kila moja na kituo chake, na ukijua kituo utajua misheni, mahakama na wilaya ya kuangalia. Wanaosema babu yao alikuwa Msudani au Mzulu wasichekwe. Wissmann, kamanda wa Kijerumani, mwaka 1889 aliajiri wanajeshi wapatao 600 wa Kisudani kutoka Misri, na wengine walioitwa Wazulu kutoka kusini, Msumbiji. Pia jua kwamba askari aliyetekwa huenda alivaa sare mbili. Kikosi cha sita cha KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki) kiliundwa 1917 kutokana na maaskari wa Mjerumani waliokamatwa, kwa hiyo akipotea kwa Mjerumani mtafute kwa Mwingereza.

Kama kuna medali nyumbani, usiangalie uso wa mfalme. Chukua tochi uangalie ukingo wake mwembamba. Medali za Uingereza za vita ya 1914 hadi 1918 zilichongwa pale namba, cheo, jina na kikosi. Usizisugue kwa majivu zing'ae, maana maandishi hayo hufutika kwanza. Za vita ya pili kwa kawaida hazina jina, hivyo bila cheti cha kuachishwa jeshi ni vigumu. Kwa aliyefia vitani ipo orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo hutafutwa bure kwa jina au namba. Waliokufa Burma wakiwa na vikosi vya Afrika Mashariki wamo. Lakini wapagazi, wale wa kikosi ambacho jina lake la Kiingereza ndilo lililozaa Kariakoo, wengi hawamo. Tume yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Anayekuambia kwa ada ndogo atakupatia cheti cha babu mpagazi, mwulize ameandika kutoka kitabu gani, ukurasa wa ngapi.

Vitabu vya misheni ndivyo vinavyokaribia zaidi kile tunachokiita ukoo. Kitabu cha ubatizo cha Wakatoliki ni cha Kilatini, na ukijua maneno kumi umekimaliza. Filius ni mwana, filia binti, patrinus na matrina ni wasimamizi, circiter annorum 20 ni miaka kama ishirini (ya kukisia, ndiyo maana umri mwingi huishia na sifuri), in articulo mortis ni aliyebatizwa akikata roho, redemptus ni aliyekombolewa utumwani. Tazama pembezoni. Kuanzia 1908 paroko alitakiwa kuandika ndoa ya mtu kando ya ubatizo wake, hata kama alifunga ndoa parokia nyingine, kwa hiyo mstari mmoja unaweza kukupeleka mkoa wa pili. Kisha omba kile kitabu ambacho wengi hawakijui, status animarum, kinachoandika familia nyumba kwa nyumba, mume, wake, watoto, hata bibi mpagani aliyelala chumba cha nyuma. Waangalie na wasimamizi: mara nyingi ni shangazi, mjomba au jirani mliyemsahau. Jina la Kizungu la ubatizo lisikupoteze. Kwa watoto waliokombolewa, mfadhili wa Ulaya aliyelipa wakati mwingine ndiye aliyelichagua.

Nenda kwa paroko ukiwa na jina, kijiji na miaka mitano ya kukisia. Usimwambie akutafutie. Omba ukae naye au na katekista, ushike penseli si kalamu ya wino. Kitabu kikiwa kimeliwa na mchwa, uliza nakala ya jimbo, au makao makuu ya shirika. Wabenedikto wa Peramiho wana mizizi St. Ottilien, Wamoravia wa Rungwe hifadhi yao iko Herrnhut, na karatasi za misheni ya Kianglikana ya UMCA ziko Oxford.

Kwa waliotoka utumwani, mnyororo wa karatasi ni mrefu kuliko watu wanavyodhani. Chukua Masasi. Mwaka 1876 Askofu Steere alipeleka huko watu waliokombolewa baharini na kulelewa Mbweni, Unguja. Mzee wa mstari huo ana nafasi ya kuonekana mara nne: kwenye orodha ya konseli (balozi mdogo wa Uingereza) baada ya jahazi kukamatwa, kwenye kumbukumbu za Mbweni, kwenye vitabu vya Masasi, na kwenye barua za wamisionari. Bara nako Mjerumani alitoa hati za uhuru zaidi ya 60,000 tangu 1891, zenye jina, kabila na sababu ya kuachwa huru. Unguja, amri ya 6 Aprili 1897 iliwapa mabwana fidia, na penye fidia pana orodha. Ila kabila lililoandikwa lichukulie kwa tahadhari. Mnyasa alikuwa yeyote aliyeletwa kwa njia ya Ziwa Nyasa, awe Mchewa au Myao. Na baadaye watu walewale, au watoto wao, waliandikwa Waswahili au Washirazi kutegemea mwaka wa sensa na nani aliyeuliza. Familia zinazogombana leo kuhusu asili yao mara nyingi zimeshika karatasi mbili za kweli.

Waislamu wa pwani wasikate tamaa kwa kukosa kitabu cha ubatizo. Wana kitu bora, nacho ni mirathi. Faili la kadhi au la mahakama linataja warithi na mafungu yao, na mafungu husema hata pale majina yanaponyamaza. Mjane wa pekee akiwa na 1/8, marehemu aliacha watoto. Akiwa na 1/4, hakuacha. Ukiona mjane amepewa 1/16, basi yupo mjane wa pili hata kama karatasi yake imepotea. Mama akichukua 1/6, mama wa marehemu alikuwa hai siku ile, na hapo umepata kizazi cha juu bila kukitafuta. Mtoto ambaye mama yake hayumo kati ya wajane, mama huyo aliachwa, alitangulia kufa, au alikuwa suria, kwa kuwa mtoto wa suria hurithi sawa na wenzake lakini suria mwenyewe harithi. Na ukikuta mtu asiye ndugu akidai mali ya marehemu kwa hoja ya walaa, yaani haki ya aliyemwacha mtumwa huru kumrithi, hapo ndipo jina la familia iliyomwacha huru linapojitokeza. Hati za zamani zina tarehe za Hijria. Mwaka 1318 ulianza 1 Mei 1900 ukaisha Aprili 1901, kwa hiyo usiandike mwaka mmoja wa Kizungu mpaka uujue mwezi. Faili za Unguja zinasomwa Kilimani, za Mombasa na bara ya Kenya ziko Nairobi, Moi Avenue.

Kuhusu vile vitabu vya wilaya vilivyoandikwa na mabwana shauri (maofisa wa wilaya wa Kiingereza), vyenye nasaba za machifu, ni vizuri lakini visomwe kwa jicho moja limefumbwa. Nasaba hizo zilisimuliwa na waliokuwa wakigombea uchifu katika miaka ya 1920, na aliyeshinda ndiye aliyesimulia. Shangazi aliyetawala kwa muda, au tawi lililoshindwa, havimo. Vivyo hivyo jina ndani ya daftari la kodi si hati ya shamba. Wapo wanaotumia kurasa hizo kudai ardhi, na wanajidanganya.

Vipimo vya vinasaba navyo vimeingia mjini. Vinaweza kukukutanisha na ndugu aliye hai, havitakupa jina la babu wa babu. Pale vilipozaa matunda ni pale penye upande wa pili wa kulinganisha. Berlin, Septemba 2023, wachunguzi wa mafuvu yaliyochukuliwa Afrika Mashariki walitangaza kuwa wamepata ndugu walio hai Kilimanjaro, na kabla ya maabara kulikuwa na kazi ya miaka ya kusoma makaratasi yaliyosema fuvu lipi lilitoka kijiji kipi. Katika mafuvu 1,135 yaliyochunguzwa, 202 yalitoka Tanzania.

Kwa sheria yetu ya kumbukumbu na nyaraka, Na. 3 ya 2002, jalada la serikali hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 30, kwa hiyo karibu yote ninayoyataja yako wazi. Yaliyo hatarini hayako Upanga. Yako kwenye makabati ya parokia, mahakama za mwanzo na nyumba za waliokuwa makarani wa baraza, maana uchifu ulipofutwa 1963 na halmashauri za wilaya zikafuata 1972, vitabu vingi vilibaki bila mwenyewe. Wenye vitabu hivyo nawaomba hili tu: msivifunge kwa selotepu wala msivipeleke kuwekwa plastiki ya moto, kwa sababu gundi na joto hula wino. Vipigeni picha kwa simu karibu na dirisha, bila mwanga wa simu, ukurasa baada ya ukurasa hata ulio mtupu, na picha ya kwanza iwe ya jalada la kitabu na namba yake, maana bila hiyo hakuna atakayejua kurasa zinazofuata ni za wapi.

Msomaji wako,
Upanga, Dar es Salaam